Mshubiri wa Madoa na Mshubiri wa Upande Mmoja: Kuitambua Mishubiri Miwili ya Nairobi na Kuchagua wa Kupanda

Simama kwenye kitalu chochote cha kando ya barabara hapa Nairobi, uulizie mshubiri, na utajibiwa neno moja: alovera. Mkubwa ni alovera, mdogo ni alovera, wenye madoa ni alovera, usio na madoa pia ni alovera. Lakini Aloe vera yenyewe ni mgeni kutoka Bara Arabu, na ua lake ni la manjano. Mishubiri yetu, ile iliyokuwa ikichanua kwenye nyika hii kabla reli haijafika mwaka 1899, ni mingine. Miwili kati yake utakutana nayo mara kwa mara mjini na viungani, na hiyo miwili ndiyo inayochanganywa kila siku: Aloe lateritia na Aloe secundiflora.

Kiswahili kina jina moja tu kwa yote, mshubiri, kwa hiyo hapa nitauita wa kwanza mshubiri wa madoa na wa pili mshubiri wa upande mmoja. Majina haya nimeyapa mwenyewe kwa kuitazama mimea, ingawa la pili halikwenda mbali na Kilatini: secundiflora ni maua yaliyoelekea upande mmoja. Lateritia nayo ni rangi ya matofali. Aliyeyatoa majina yote mawili ya Kilatini ni mtaalamu wa mimea Mjerumani, Adolf Engler, na aliyatoa mwaka mmoja, 1895. Wamaasai husema osuguroi, Wakamba kiluma, Wajaluo ogaka, na mara nyingi neno hilo moja hubeba aina kadhaa. Kwa hiyo hata bibi anayeujua mshubiri kwa dawa huenda asikutenganishie huu na ule. Yeye anautafuta uchungu, na uchungu upo kwa yote.

Anayetaka kupanda ndiye anayehitaji kutofautisha, maana tabia zake zikiwa ardhini hazifanani hata kidogo.

Madoa yaliyonipoteza

Miaka kadhaa iliyopita nilitaka kitu cha kufunika ukanda mwembamba wa udongo kati ya ukuta na njia ya kupita, nyumbani Embakasi. Nilitaka mmea mfupi, unaozaa watoto pembeni kama mgomba, usiodai maji ya mfereji. Muuzaji alinitolea miche sita kwenye mifuko myeusi, kila mmoja ukubwa wa kiganja, majani yamejaa madoa meupe. "Mama, huu ndio ule wa madoa. Utajaa wenyewe, hutaamini." Nikalipa, nikapanda jioni ile ile.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda sawa. Mwaka wa pili majani mapya yakaanza kutoka katikati yakiwa ya kijani kitupu, na yale ya chini yenye madoa yakawa yanakauka moja moja. Kufika mwaka wa tatu nilikuwa na mimea sita mipana kama ungo, haikuzaa hata mtoto mmoja pembeni, na kingo za majani zilikuwa na miiba ya hudhurungi iliyokolea, migumu kama meno ya msumeno. Mtoto wa dada yangu alipita mbio akachanika mguu. Ikabidi niing'oe yote na kuihamishia nyuma ya nyumba.

Simlaumu sana yule muuzaji. Alitazama kile ambacho karibu kila mtu hutazama. Jambo ambalo hakulijua, wala mimi, ni kwamba mshubiri wa upande mmoja ukiwa mchanga nao huwa na madoa. Yanapotea ukikua. Madoa ya mche kwenye mfuko hayakuambii kitu. Madoa ya mmea uliokomaa ndiyo yenye maana. Mmea mkubwa ambao umewahi kutoa bua la maua, na bado sehemu ya juu ya majani yake ina madoa meupe marefumarefu yaliyojipanga kwa mikanda isiyonyooka, huo ni wa madoa. Geuza jani utazame upande wa chini: mara nyingi huko rangi ni nyepesi na madoa ni haba au hayapo.

Ua halidanganyi

Kama mmea una maua, usihangaike na majani kabisa. Tazama kwanza ukiwa mbali, kisha ukaribie.

Ukiwa mbali, bua la mshubiri wa madoa hupanda kiasi cha mita moja na kugawanyika matawi machache, matatu hadi manane hivi. Kwenye ncha ya kila tawi maua yamejikusanya pamoja kama kichwa. Yaliyo bado machanga yamesimama katikati, yaliyofunguka yameinamia nje na chini kuzunguka pande zote, mithili ya mwavuli mdogo unaofunguliwa. Chini ya kile kichwa tawi liko tupu.

Bua la mshubiri wa upande mmoja ni habari nyingine. Linaweza kufika mita moja na nusu, lina matawi kumi au zaidi, na yale ya chini nayo hugawanyika tena. Matawi hayo hayasimami wima. Yamelala mshazari kuelekea nje. Na maua yamepangwa kwenye urefu wa tawi, yote yakiwa upande wa juu, kama ndege waliotua foleni juu ya waya wa stima. Pitisha kidole chini ya tawi na hutagusa ua hata moja. Ukishaliona umbo hilo mara moja, utalitambua hata ukiwa ndani ya matatu inayokwenda kasi barabara ya Mombasa.

Sasa karibia. Chukua ua moja katikati ya vidole viwili, usilichume. Urefu hautakusaidia, maana yote mawili ni kama sentimita 3.5. Tazama mambo matatu.

La kwanza ni kikonyo, yaani kile kijiti kinachoshika ua kwenye tawi. Kwenye mshubiri wa madoa ni kirefu, sentimita mbili kwenda juu, ndiyo maana ua linaweza kuinama na kuning'inia. Kwenye mshubiri wa upande mmoja ni kifupi, sentimita moja au hata chini yake, na ua limekaa karibu kabisa na tawi.

La pili ni umbo la ua lenyewe, na hapa ndipo mimi humaliza shaka yangu yote. Ua la mshubiri wa madoa ni kibuyu. Chini, pale ovari (kifuko cha mbegu) ilipo, limevimba duara. Juu yake likabanwa ghafla kama shingo. Kisha likapanuka tena kidogo kuelekea mdomoni. Unaweza kuisikia ile shingo kwa kidole hata ukiwa umefumba macho. Ua la mshubiri wa upande mmoja ni mrija. Limenyooka toka chini hadi juu, huenda likapungua kidogo katikati, lakini uvimbe na shingo haviko. Nimewafundisha watoto wa jirani maneno mawili tu, kibuyu na mrija, na sasa wananisahihisha mimi.

La tatu ni rangi, na hii iache iwe ya mwisho kwa sababu inabadilika. Wa madoa kwa kawaida ni mwekundu wa tofali lililochomwa au rangi ya chungwa, lakini iko mimea yake yenye maua ya manjano. Ukikuta ya manjano usikimbilie kusema ni Aloe vera. Tafuta kibuyu, maana ua la Aloe vera halina uvimbe ule. Wa upande mmoja huanzia waridi hadi wekundu uliofifia, na rangi inapauka mdomoni. Ukilitazama kwa karibu sana, vizuri zaidi kwa kioo cha kukuzia, utaona ua zima limenyunyiziwa vitone vyeupe vidogo mno, kama mtu aliyepitisha mkono wenye unga. Mara ya kwanza kuviona nilidhani ni vumbi la barabara, nikalifuta ua kwa kitambaa. Havikutoka.

Nilijifunzia haya yote kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ile iliyotengwa mwaka 1946, kilomita za mraba 117 za nyasi na migunga ubavuni mwa jiji. Zipo sehemu zilizoruhusiwa mtu kushuka kwenye gari. Katika mojawapo, asubuhi moja nyasi zikiwa zimekauka kabisa, mshubiri wa upande mmoja ulikuwa umesimama peke yake kati ya mawe na bua lake limechanua nusu. Chozi dume akaja, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akatua juu ya tawi na kuanza kwenye ua la kwanza lililofunguka. Akatumbukiza mdomo, akatoa, akasogea hatua moja, akatumbukiza tena. Alikuwa akitembea juu ya maua kama mtu anayekagua foleni. Alipofika kwenye machanga yaliyofumba hakuyagusa, akarukia tawi la pili. Kwenye mshubiri wa madoa hana njia ya kutembea namna ile. Nimemwona aking'ang'ania kijiti chini ya kichwa cha maua na kunyoosha shingo kuzunguka, ua moja baada ya jingine, au kuning'inia kichwa chini.

Kuna jambo la majina ambalo huenda likakutatiza kama unasoma vibao vya mimea. Mshubiri wa madoa unaoonekana zaidi kwenye nyanda za juu huku kwetu ni ule unaoitwa graminicola, yaani mkaazi wa nyasi, ambao vichwa vya maua yake vimebanana zaidi. Reynolds, mtaalamu wa mishubiri wa Afrika Kusini, aliupa jina lake wenyewe, Aloe graminicola, mwaka 1953; mtaalamu wa mimea Susan Carter akaurudisha chini ya lateritia mwaka 1994. Ukikuta kibao cha zamani kilichoandikwa Aloe graminicola, ni mmea huu huu.

Bila maua

Miezi mingi hakuna maua, na hapo kazi ni ngumu zaidi. Mimi huanza kwa kuhesabu jamaa. Mshubiri wa madoa, hasa huo wa nyasi, hukaa kwa ukoo: mama katikati, watoto wamemzunguka, wajukuu wamejipenyeza katikati ya majani makavu, mpaka unakuwa mkeka. Wa upande mmoja kwa kawaida ni mpweke. Unaweza kukuta mingi kwenye uwanja mmoja, lakini kila mmoja umesimama mahali pake, umetoka kwenye mbegu yake.

Kisha tazama ukubwa na mkao. Majani ya wa madoa hutandaza zaidi, urefu wa nusu mita au pungufu, na ncha zake mara nyingi zimekauka na kujipinda hata mmea ukiwa na afya njema. Majani ya wa upande mmoja ni mazito, mapana chini, yanaweza kuvuka nusu mita, na yameinuka na kujikunja ndani kidogo hivi kwamba mmea mzima unafanana na bakuli kubwa lililo wazi. Rangi yake ni kijani kilichofifia, chote kimoja. Miiba ya yote miwili inauma, ila ile ya wa upande mmoja ni migumu na myeusi zaidi, na wakati mwingine imeunganishwa na ukingo mgumu kama kucha.

Ukikuta wenye shina refu kupita kimo cha mtu, kama ile inayopandwa ua wa boma huko Bonde la Ufa, acha. Huo ni Aloe kedongensis na si mojawapo ya hii miwili.

Ardhi inayoupenda

Nairobi imegawanywa na udongo kuliko inavyogawanywa na barabara. Magharibi, ukielekea Dagoretti, Kikuyu na Limuru, udongo ni mwekundu, wenye kina, unaokunywa maji na kuyaachia. Mashariki na kusini, Embakasi hadi nyanda za Athi, ni ule mweusi wa pamba: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unavimba na kushika maji kama karai.

Mshubiri wa madoa ndio utakaokutana nao zaidi kwenye nyasi za upande wa juu, kuelekea Ngong na Limuru. Wa upande mmoja unapenda nyika kavu, kwenye mchanga na mawe, ukishuka kuelekea Kajiado na Magadi. Lakini jiji liko mahali ambapo pande hizi mbili zinakutana, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na yote miwili inaota ndani yake. Ndiyo sababu kuijua sehemu peke yake hakukupi jibu.

Basi, upi wa kupanda?

Kaka yangu anaishi Dagoretti. Kiwanja chake ni kidogo, udongo mwekundu, na kuna mteremko ambao mvua ilikuwa ikiuchimba kila Aprili. Yeye nilimshauri mshubiri wa madoa bila kusita, safari hii nikiwa nimeukagua mmea mama wenye maua kabla ya kuchukua watoto wake. Tulipanda tisa, hatua moja moja. Sasa huwezi kuona udongo katikati yake, na mteremko umetulia. Kila mwaka anagawa watoto kwa majirani, anawatoa kwa jembe dogo, anawaacha kivulini siku tatu kidonda kikauke, kisha anawapanda. Kwa uwanja mdogo wa nyumba ya mjini, kando ya njia, kwenye kingo za bustani au ndani ya chungu kikubwa barazani, huu ndio mmea.

Mimi na udongo wangu mweusi nilibaki na ile sita ya upande mmoja niliyoipata bila kuitaka. Nilipoihamisha niliipanda tambarare kama ilivyokuwa mwanzo, na masika ya mwaka ule miwili ikaoza. Ukiisukuma kwa mguu inalala. Chini hakuna mzizi, kuna uji wa hudhurungi wenye harufu ya kabichi iliyooza. Minne iliyobaki niliinyanyua, nikaijengea tuta la kimo cha goti kwa mawe, kokoto na mchanga wa mto uliochanganywa na udongo kidogo tu. Tangu hapo haijanisumbua. Simwagilii. Wakati wa kiangazi majani yanabadilika kuwa na wekundu kidogo na kujikunja ndani. Mvua ikija yanajaza tena ndani ya wiki mbili.

Kwa hiyo, kama una nafasi kubwa, mahali pakavu, jiwe, ukuta mrefu usiopitwa na watoto, au unataka kizuizi cha kumfanya mbuzi afikirie mara mbili, panda wa upande mmoja. Unastahili kuonekana peke yake. Bua lake la matawi kumi, jua la jioni likiwa nyuma yake, ni kitu kizuri kuliko ua lolote la kigeni ninaloliona kwenye bustani za mitaa ya kifahari. Ila uwe na subira, kwa sababu hauzai pembeni: njia ya uhakika ya kuuongeza ni mbegu. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitatu na kumwaga mbegu bapa zenye ukingo mwembamba kama bawa, nyepesi hata pumzi inazipeperusha. Zipande juujuu kwenye mchanga wenye unyevu. Kisha hesabu miaka, si miezi, kabla ya ua la kwanza.

Usichague kwa kufikiria ndege. Chozi anakuja kwa yote miwili, na nyuki pia.

Utomvu, kuku na watoto

Wengi wanaoniuliza kuhusu mishubiri hii hawataki maua, wanataka dawa, kwa hiyo niseme ninalolijua. Mmea ambao utomvu wake umevunwa kwa biashara Kenya, hasa Baringo na Laikipia, ni wa upande mmoja. Ukikata jani lake, utomvu wa manjano unatoka mara moja na kwa wingi, na ukikauka unageuka hudhurungi. Huo ndio shubiri yenyewe, ile iliyoleta msemo wa chungu kama shubiri, na ambayo mama zetu waliipaka kwenye titi kumwachisha mtoto kunyonya. Ndani yake mna kemikali zinazoendesha tumbo vibaya. Si ule ute mweupe wa ndani ya jani unaosifiwa kwa ngozi. Ni kitu kingine. Mjamzito asiunywe kabisa, na mtoto asipewe.

Wafugaji wa kuku wa kienyeji huponda jani na kulitia kwenye maji ya kunywa ya kuku. Hilo ni jambo la kawaida hapa, na watafiti wamewahi kuupima utomvu wa secundiflora kwa magonjwa ya kuku, ukiwemo kideri. Mimi pia nawapa kuku wangu. Lakini chanjo ya kideri nawachoma au kuwadondoshea kwa wakati wake, sijaiacha hata mara moja.

Usiuchimbe nyikani

Mwaka jana nilikuta mahali fulani mishubiri mikubwa ya upande mmoja imelazwa kwenye gunia, mizizi imekatwa kwa panga, majani ya nje yana makovu ya zamani na kingo zilizobabuka kwa jua. Hiyo haikukuzwa kwenye kitalu. Mmea wa miaka mingi, pengine uliozalia mbegu bonde zima, umeng'olewa ili uuzwe kwa bei ya sahani ya chakula. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akiuza ameutoa wapi, akaniambia tu, "Huko chini, mama." Sikununua, na moyo uliniuma siku nzima.

Mishubiri ya porini inalindwa. Mwaka 1986 amri ya rais ilipiga marufuku kuivuna nyikani na kuruhusu tu ile ya mashamba, na mwaka 2007 zikatungwa kanuni mahususi za mishubiri. Kimataifa, aina zote isipokuwa Aloe vera ziko chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Kung'oa mmea ndani ya mbuga ya taifa ni kosa. Lakini hata bila sheria, wa upande mmoja unaoota polepole kwa mbegu hauwezi kustahimili panga.

Unaponunua, bana mfuko kidogo na uutelezeshe mche nje. Mche wa kitalu una mizizi mizima iliyouzunguka udongo na kushika umbo la mfuko. Uliong'olewa nyikani una visiki vya mizizi na udongo mgeni uliomwagiwa juu. Muulize pia muuzaji akuonyeshe mmea mama. Akiwa nao, na umechanua, kazi imekwisha: kibuyu au mrija, vichwa au foleni.

Ikiwa utapanda yote miwili

Mishubiri ya aina tofauti huchavushana kwa urahisi pale inapochanua pamoja, na chozi hachagui. Mimea niliyonayo sasa ni ile minne ya upande mmoja juu ya tuta, pamoja na ukoo mdogo wa madoa niliopewa na kaka, upande wa pili wa uwanja, hatua kumi na tano hivi. Mwaka uliopita yote ilichanua katika wiki ile ile. Watoto wa pembeni wa mshubiri wa madoa sina wasiwasi nao, wao ni mama yao mtupu. Mbegu za wa upande mmoja ndizo nilizokusanya, nikazipanda kwenye trei ya mchanga chini ya dirisha la jikoni, nikitaka kumpelekea rafiki yangu wa Kitengela mwenye kiwanja cha mawe matupu.

Miche 11 imetoka. Urefu wake ni kama ukucha wa kidole gumba, na yote ina madoa. Nimemwambia asubiri, tutaijua siku itakapotoa bua.